Bahari iwe upande wako

Ukienda kuzunguka miji ya kale ya pwani kwa gari la kukodi, panga uelekeo kwanza. Bahari iwe upande ule ule unaoendeshea barabarani. Kwenye pwani ya Amalfi, Italia, wanakoendesha kulia, anzia Positano kuelekea Vietri sul Mare: ukiona pa kusimama kupiga picha unachepuka tu, bila kukata mbele ya basi linalochomoza kwenye kona (na yanachomoza kweli).

Gari liache nje ya mji mkongwe. Miji mingi ya Italia ina eneo la ZTL, yaani eneo ambalo magari hayaingii ovyo, lenye kamera za kusoma namba za magari. Ukiingia bila kibali, faini itakufuata hadi nyumbani. Hoteli ikiwa ndani ya eneo hilo, waombe wakusajilie namba ya gari mapema.