Valvu ya amplifaya ikianza kuzingua: pima gridi kabla ya kununua nyingine

Upande mmoja umefifia, unavuma au unakwaruza. Huenda valvu imechoka, lakini huenda pia inauawa na kapasita iliyo nyuma yake, ile inayoleta sauti kwenye gridi (pini ya valvu inayopokea sauti), na ukiweka mpya itafia palepale.

1. Zima, chomoa plagi, acha valvu zipoe. Spika zisitoke: amplifaya ya valvu ikipiga bila spika, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

2. Tazama kioo. Doa la rangi ya fedha likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia, tupa. Mwanga wa buluu kwenye kioo cha EL34 (valvu kubwa ya kutolea sauti) si ugonjwa.

3. Hamisha ECC83 (valvu ndogo ya kukuza sauti mwanzoni) ya kushoto iende kulia, na ya kulia ije kushoto. Kasoro ikihama, mbovu ni valvu. Ikibaki, ni soketi au saketi. Kipimo hiki nakiamini kuliko mashine ya kupimia valvu, maana hapa valvu iko kwenye volti zake za kazi. Valvu kubwa ukizihamisha, pima baiasi (volti inayodhibiti mkondo wa valvu) upya.

4. Bati la anodi, lile la chuma ndani ya valvu kubwa, likiwaka jekundu, zima papo hapo. Hapa ndipo wengi hununua valvu tatu bure.

Chomoa valvu hiyo moja tu. Ukizitoa kubwa zote, volti kuu hupanda na inaweza kuzidi uwezo wa kapasita za chujio. Bana waya mweusi wa mita ya volti kwenye chesisi na mkono mmoja uweke mfukoni, kwa kuwa humo ndani kuna volti 300 hadi 450. Washa, gusa gridi kwa ncha ya waya mwekundu wa mita: pini ya 2 kwa EL84, ya 5 kwa EL34.

Kama baiasi inatoka kwenye resista ya kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni), mita isome 0. Ikisoma nusu volti chanya na kuendelea kupanda, kapasita inayoleta sauti kwenye gridi inavuja. Subiri dakika kumi, kwani nyingine huvuja zikishapata joto tu. Kwenye baiasi ya volti hasi, linganisha na valvu mwenzake: hasi iliyopungua ni ishara ileile, au saketi ya baiasi yenyewe ina hitilafu. Gridi ikiwa sawa soketi ikiwa tupu, kisha ikapanda valvu ikirudishwa na kupata moto, hapo valvu yenyewe ina gesi.

Kabla ya kulehemu, zima, chomoa plagi, toa chaji ya kapasita za chujio kwa resista ya kiloohmu 10, wati 5, hadi mita ishuke chini ya volti 10. Weka kapasita ya polipropilini ya volti 630, thamani ileile, pande zote mbili. Zile za karatasi na nta badilisha bila hata kupima.

5. Gonga kila ECC83 kwa penseli, polepole. Inayolia kama kengele kwenye spika, badilisha.

6. Weka valvu mpya, mita ikibaki kwenye gridi, zima taa za chumba na tazama bati kwa dakika kumi.