Jinsi ya kuunganisha uanagenzi na Tuzo ya Rais baada ya Kidato cha Nne

Mwanafunzi wa Kenya anayemaliza mtihani wa KCSE mwezi wa Novemba hubaki na miezi tisa hivi kabla ya kuingia chuo kikuu. Mara nyingi miezi hiyo huishia kwenye usingizi wa asubuhi, simu na kutumwa dukani, kwa kuwa hakuna mtu mzima aliyekaa kitako na kijana kuipanga. Ikipangwa, inatosha mambo mawili yanayofaana sana: uanagenzi katika sehemu moja ya kazi, na ngazi moja ya Tuzo ya Rais, mpango wa kukuza uongozi kwa vijana ulioanza nchini mwaka 1966. Nimewasimamia vijana wa Mombasa katika mpango huo kwa miaka kadhaa, na mwongozo huu nauandikia kijana wa miaka 17 au 18, pamoja na mzazi atakayemlipia nauli.

Anza na hesabu ya miezi, maana hapo ndipo wengi hukosea. Tuzo ya Rais ni tawi la Kenya la tuzo ya kimataifa iliyoasisiwa Uingereza mwaka 1956, na ina ngazi tatu: Shaba kuanzia umri wa miaka 14, Fedha kuanzia 15 na Dhahabu kuanzia 16. Kijana wa miaka 17 akiona kwamba umri wake unamruhusu kuanzia Dhahabu, hutamani kurukia huko moja kwa moja. Sishauri hivyo. Asiyepitia ngazi za chini anahitaji muda usiopungua miezi 18 kupata Dhahabu, na miezi 12 kupata Fedha, ilhali Shaba huchukua miezi 6, yaani Januari hadi Juni. Mwenye Shaba mkononi huhitaji miezi 6 tu ya Fedha, ambayo anaweza kuimaliza akiwa chuoni, na bado atakuwa na miaka mingi mbele yake kwa kuwa mlango haufungwi mpaka mtu atimize miaka 25. Kama ulipata Shaba ukiwa shuleni, basi hii ndiyo nafasi yako ya Fedha.

Katika ngazi ya Shaba utafanya huduma kwa jamii, utajifunza stadi moja, utafanya mazoezi ya mwili, na utakwenda safari ya kikundi ya siku mbili na usiku mmoja. Zile tatu za mwanzo huendeshwa kwa miezi mitatu kila moja, kwa wastani wa saa moja kwa wiki, kisha huchagua moja uiendeleze kwa miezi mitatu zaidi. Uanagenzi huingia vizuri kwenye stadi, kwa mfano kuorodhesha vitabu, kutengeneza injini ya boti au kuhariri sauti; ukiwa mfupi kuliko miezi mitatu, endelea na stadi hiyo hiyo kwa saa moja kwa wiki mpaka miezi itimie. Kwenye huduma mambo ni tofauti, kwa sababu huduma ni ya kujitolea, na kijana anayelipwa posho hawezi kuihesabu kazi hiyo hiyo kuwa huduma. Mweleze kiongozi wako wa Tuzo, yaani mtu mzima anayekusimamia katika mpango huu, unachokusudia kufanya kabla hujaanza, kwa sababu saa ulizotumia kabla ya kukubaliana naye ni vigumu kuhesabiwa.

Sasa tafuta mahali pa kazi. Ushauri wangu, ambao wazazi wengi huupinga mwanzoni, ni kuchagua mahali padogo palipo karibu na nyumbani badala ya ofisi kubwa yenye jina. Katika ofisi kubwa kijana wa Kidato cha Nne hupewa mashine ya kutoa nakala na kiti karibu na mlango, hali maktaba ya shule ya msingi, redio ya kijamii, zahanati ya mtaa, karakana au kikundi cha usimamizi wa ufuo kina kazi nyingi zisizo na mtu wa kuzifanya. Isipokuwa umechaguliwa katika mpango kama ule wa Benki ya Equity, ambao huwachukua watahiniwa waliofaulu sana na kuwapa kazi matawini kabla ya kwenda chuo. Ukiitwa huko, nenda. Jambo la kuchunguza mahali popote ni kama yupo mtu mmoja, mwenye jina na cheo, atakayekuwa na nusu saa kwa wiki ya kukaa nawe. Asipokuwepo, tafuta pengine.

Fanya hesabu ya nauli kabla ya kuandika barua. Zidisha nauli ya kwenda na kurudi kwa idadi ya siku za kazi, ongeza chakula cha mchana, kisha mwoneshe mzazi jumla yake. Anayeishi Likoni na kupangiwa kazi kisiwani ahesabu pia saa atakazokaa akisubiri feri asubuhi. Siku nne kwa wiki zinatosha kabisa, na ile ya tano utaihitaji kwa shughuli nyingine za Tuzo.

Barua iandikwe mapema Desemba, kabla ofisi hazijafungwa kwa sikukuu, na uipeleke kwa mkono. Iwe ya ukurasa mmoja, na mwili wake unaweza kuwa hivi:

"Mimi ni mkazi wa Kisauni mwenye umri wa miaka 17, na nimemaliza Kidato cha Nne mwezi uliopita. Naomba nafasi ya uanagenzi katika maktaba yako kwa wiki kumi, siku nne kwa wiki, kuanzia Jumatatu ya pili ya Januari. Nilikuwa msimamizi wa vitabu vya darasa letu kwa miaka miwili, na ningependa kujifunza jinsi vitabu vinavyoorodheshwa na kupangwa. Mzazi wangu ameridhia na ametia saini hapa chini. Nitapita ofisini kwako Jumatano ijayo saa nne asubuhi ili nisikie jibu lako."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa barua isiyotaja siku ya kufuatilia hukaa chini ya faili nyingine mpaka isahaulike. Hakikisha tu kwamba Jumatano hiyo unafika kweli, na unafika saa nne.

Kuna mambo ya usalama ambayo siyafichi kwa vijana wala kwa wazazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 13, na inaruhusu kazi nyepesi peke yake kwa mwenye miaka 13 hadi 16. Kijana wa miaka 17 anaweza kufanya kazi, lakini bado analindwa dhidi ya kazi za hatari. Kwa hiyo mzazi aende mwenyewe mahali pale kabla ya siku ya kwanza, amwone msimamizi ana kwa ana, na wakubaliane saa ya kutoka, ambayo mimi hupenda iwe kabla ya saa kumi na moja jioni. Mtu anayedai fedha ili akupe nafasi ya uanagenzi ni tapeli, hata akiwa na ofisi na muhuri. Na mtu anayekutaka ubaki naye peke yako baada ya wengine kuondoka, usibaki, na uwaeleze wazazi siku hiyo hiyo. Nambari 116 ni ya bure na hupokea taarifa za watoto wakati wowote.

Wiki mbili za mwanzo utafanya kazi ndogo ndogo, nawe uzifanye bila kunung'unika, kwani huo ndio wakati wa kujifunza nani hufanya nini na kitu gani huwekwa wapi. Beba daftari na kila jioni uandike mistari mitatu: nilichofanya, nilichouliza, na nilichoona kimekwama. Mstari wa tatu ndio unaoutafuta. Baada ya wiki mbili utakuwa na orodha ya mambo yaliyokwama, na hapo umwendee msimamizi umwombe jambo moja liwe lako, lenye mwanzo na mwisho, ambalo lisipokamilika itajulikana kuwa ni wewe hukulikamilisha. Kwa maoni yangu, uanagenzi usio na jambo la namna hiyo haumfunzi kijana uongozi wowote, hata angekaa mwaka mzima.

Binti mmoja niliyemsimamia aliwekwa katika maktaba ya shule ya msingi, na kwa siku nyingi alipangusa vumbi na kubandika karatasi za matangazo. Daftari lake lilimtajia mara nne maboksi saba ya vitabu vya msaada yaliyokuwa nyuma ya mlango, yakiwa bado yamefungwa kwa kamba. Akayaomba, akapewa. Alianza kuyaorodhesha peke yake, jina la kitabu, kiwango cha msomaji na hali ya jalada, na kufikia wiki ya sita alikuwa na maboksi mawili tu yaliyokamilika na wiki nne za kumaliza matano. Alinipigia simu akilia. Nilimuuliza ni nani mwingine pale shuleni anayejua kusoma na kuandika, akanyamaza kidogo, kisha akaenda kuwaomba walimu wamruhusu atumie wanafunzi sita wa darasa la juu wakati wa mapumziko. Siku ya kwanza hakuwaonesha mfano, nao wakabandika nambari za vitabu vya hadithi kwenye kamusi na atlasi, na ikabidi zibanduliwe kwa siku mbili. Siku ya tatu alikaa na kila mmoja, wakafanya kitabu kimoja pamoja, ndipo akawaachia wengine. Maboksi yote saba yalikuwa rafuni wiki ya kumi.

Kwa sababu ya mambo kama hayo, napenda kazi itangulie na safari ya Tuzo ifuate. Kijana anayekwenda safari bila kuwahi kusimamia lolote husikiliza mafunzo ya uongozi kama somo la darasani, wakati aliyekwisha kuona kazi yake ikibanduliwa huenda na maswali yake mwenyewe. Hali ya hewa ya Pwani nayo inaunga mkono mpango huu. Kwa miaka hii Ramadhani inaangukia kati ya Februari na Machi, na masika hufuata kuanzia Aprili, kwa hiyo ukimaliza uanagenzi katikati ya Machi unaweza kufanya safari ya majaribio ya karibu baada ya Idi, kisha safari yenyewe ya kupimwa ukaiweka mwezi wa Juni mvua zikipungua.

Kwa watu wa Mombasa, vilima vya Taita vinafaa sana: unafika Voi, unapanda hadi Wundanyi, na kutoka hapo kuna njia za miguu kupitia mashamba na misitu. Kijana aliyezoea joto la kisiwani huwa haamini baridi ya usiku wa Juni huko juu mpaka imkute, basi abebe sweta na blanketi nzito hata kama wenzake wanamcheka stesheni. Kikundi kiwe na watu wanne hadi saba, kitumie ramani na dira, kijipikie chenyewe, na kila siku iwe na angalau saa sita za shughuli iliyokusudiwa. Mpokezane uongozi. Yule binti wa maktaba alipopewa zamu ya kuongoza, kabla ya kugawa kazi alimuuliza kila mwenzake amewahi kufanya nini kati ya kupika, kusoma ramani na kusimamisha hema, na aliyesema hajawahi chochote akampanga pamoja na anayejua.

Kabla ya kuondoka mahali pa kazi, malizia makaratasi. Msimamizi wako anaweza kuthibitisha sehemu ya stadi, mradi si ndugu yako, na anapaswa kuandika ulichojifunza kwa maneno mahususi: "ameorodhesha vitabu na kuwafunza wanafunzi sita" ni ushahidi, lakini "ni kijana mwenye bidii" hakumsaidii anayekagua. Omba pia barua yenye tarehe za kuanza na kumaliza, idadi ya siku na jukumu ulilopewa, na uiombe wiki moja kabla, maana siku ya mwisho huenda yuko mkutanoni. Ukitimiza miaka 18 katika kipindi hiki, kashughulikie kitambulisho mara moja, kwa sababu utakihitaji kila utakapokwenda baadaye.

Mwishowe andika ukurasa mmoja wa makabidhiano: kilichokamilika, kilichobaki, orodha imehifadhiwa wapi, na ni nani anayejua kuiendeleza. Uusome pamoja na msimamizi, kila mmoja atie saini, nakala moja ibaki mezani kwake na nyingine uiweke pamoja na daftari lako, kisha umrudishie ufunguo.