Kununua dawa za kupunguza uzito kwa pesa yako mwenyewe

Kabla ya kulipia dozi ya kwanza, piga hesabu ya mwaka mzima. Ukiacha dawa hizi, sehemu kubwa ya uzito hurudi, kwa hiyo kununua ya miezi miwili halafu kukwama ni kutupa pesa.

Chukua Wegovy, sindano ya mara moja kwa wiki. Kwa kawaida huanza na miligramu 0.25, kisha 0.5, 1, 1.7 hadi 2.4, kila ngazi wiki nne. Muulize mfamasia bei ya kila ngazi. Bei ya kianzio isikudanganye. Jumlisha na ada ya daktari na vipimo.

Daktari ajue unalipa mwenyewe. Huenda akakuacha kwenye dozi ndogo ikiwa inakufaa, au akakuandikia orlistati, kidonge cha kupunguza uzito ambacho mara nyingi ni nafuu ila hupunguza kidogo (na ukila mafuta mengi, choo kitakukimbiza).

Usilimbikize. Kichefuchefu kikikushinda wiki ya tatu, nani atakurudishia pesa ya maboksi yaliyobaki? Kalamu ya sindano ambayo haijatumika hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Isigusane na sehemu ya barafu: ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka.

Bei ya kutupa mtandaoni, bila kuulizwa cheti cha daktari? Hiyo ni feki mpaka ithibitishwe vingine.

Pesa ikikatika ukaruka wiki kadhaa, usirudie dozi kubwa. Mpigie daktari kwanza. Pengine utaanzishwa upya kutoka chini.