Kabla ya kuweka PostgreSQL 17 pembeni ya 14

Ubuntu 22.04 inakuja na PostgreSQL 14, programu ya kuendesha hifadhidata, na msaada wa toleo hilo unakoma Novemba 2026. Kwa hiyo wengi tunaweka 17 pembeni yake, tunaijaribu, halafu tunahamia. Usakinishaji wenyewe ni mwepesi: kila toleo lina mipangilio yake ndani ya /etc/postgresql na data yake ndani ya /var/lib/postgresql, na yote mawili yanaweza kuwaka pamoja. Kinachotesa watu ni kutojua wanaongea na seva ipi.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, endesha pg_lsclusters, amri inayoorodhesha seva za PostgreSQL zilizo kwenye mashine, na uandike inachokuonyesha: toleo, jina, poti (namba ambayo programu huitumia kuifikia seva). La 14 kwa kawaida liko poti 5432. Ukisakinisha 17, mfumo unaunda klasta mpya tupu (seva moja na hifadhidata zake zote), unaiwasha, na kuipa poti iliyo wazi, mara nyingi 5433. Programu yako haina habari hiyo. Niliwahi kujaza data ya majaribio asubuhi nzima nikiamini niko kwenye seva mpya, kumbe nilikuwa nikiwachafulia wateja hifadhidata yao. Siku hizi nataja poti kwenye kila amri, na nikishaingia nauliza select version() kabla ya kuandika kitu.

Taja pia toleo unaposakinisha: postgresql-17, si postgresql peke yake. Ukishaongeza hazina ya vifurushi ya mradi wa PostgreSQL, kifurushi hicho kisicho na namba hufuata toleo jipya kuliko yote, na unaweza kuamka ukakuta klasta usiyoiomba.

Nafasi ya diski haina mjadala: hesabu data yote mara mbili, pamoja na nakala rudufu. Nakala hiyo itolewe kwa pg_dump, amri ya kutoa nakala ya hifadhidata, ya 17 hata kama data iko 14, kisha uirejeshe mahali fulani uone kama inafunguka. RAM nayo ikaguliwe. Ukinakili mipangilio ya 14 kama ilivyo, shared_buffers, yaani kumbukumbu ambayo seva hujitengea, itatengwa mara mbili.

Viendelezi, yaani nyongeza za PostgreSQL, ndivyo vinavyosahaulika. PostGIS, nyongeza ya data za ramani, ya 14 haitumiki na 17. Inahitaji kifurushi chake. Orodhesha viendelezi vyote kwa amri ya \dx ndani ya psql kwenye kila hifadhidata, si moja tu. Na jua kwamba tangu toleo la 15, kwenye hifadhidata mpya mtumiaji wa kawaida haruhusiwi tena kuunda jedwali ndani ya skima ya public, sehemu ya kawaida ya kuwekea majedwali. Kosa hilo litaonekana kama la programu yako.

Siku ya kuhama, pg_upgradecluster, amri inayohamisha klasta kwenda toleo jipya, hukataa kama klasta ya 17 yenye jina main tayari ipo, hivyo ile tupu lazima ifutwe kwanza. Soma namba ya toleo kwa sauti kabla ya kubonyeza Enter, maana pg_dropcluster, amri ya kufuta klasta, yenye --stop haiulizi mara mbili. Njia ya --link, inayotumia faili zilezile bila kuzinakili, ni ya haraka na haili diski, lakini 17 ikishawaka, ya 14 haifai tena kurudiwa. Mimi huchagua kunakili, hata kama ni usiku mzima. Baada ya hapo 17 huchukua poti 5432, na 14 hubaki imezimwa, data yake haijaguswa, mpaka ripoti za mwisho wa mwezi zipite salama.