Somo: Kupanga matumizi ukiwa mgeni Unguja (soma lote kabla ya kuuliza)

Assalaam alaykum nyote. Kila wiki napata ujumbe ule ule: "Dada, nikija kufanya kazi Unguja, laki ngapi zinanitosha kwa mwezi?" Wanaouliza ni walimu wa Kenya, wapishi wa hoteli kutoka Uganda, vijana wa Burundi na Kongo. Nimechoka kuandika jibu moja kwa kila mtu, kwa hiyo naliweka hapa.

Mimi ni mwenyeji wa Ng'ambo, mitaa ya mjini iliyo nje ya Mji Mkongwe, na napangisha vyumba. Wageni niliowaona wakikwama, karibu wote hawakukwama kwa chakula. Walikwama kwa pesa zinazotoka kwa mkupuo: kodi, kibali, na mwezi usiokuwa na mshahara. Kwa hiyo panga mwaka kwanza, mwezi utafuata.

Hatua ya 1: Andika kipato chako kwa shilingi, tena cha mwezi mbaya. Kwa wa hoteli za Nungwi, Kiwengwa au Paje, miezi mibaya ni Aprili na Mei. Masika yanapiga, hoteli nyingi hufunga au hupunguza watu, na sevisi chaji inakauka. Ukipanga kwa kipato cha Agosti utalia Mei.

Hatua ya 2: Vibali. Uhamiaji ni jambo la Muungano, kazi siyo. Kibali cha kazi ulichopewa Bara hakikuruhusu kufanya kazi Zanzibar. Muulize mwajiri nani analipa, na akujibu kwa maandishi. Anayeingia kama mgeni kutoka nje ya nchi aweke pia dola 44 za bima ya lazima ya Shirika la Bima la Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024. Inakaa siku 92.

Hatua ya 3: Nyumba. Hapa tusimame.

Kodi haitolewi mwezi kwa mwezi. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita au mwaka mzima mbele. Tuchukue mfano wa chumba cha 250,000. Miezi sita ni 1,500,000. Dalali naye kwa kawaida anachukua kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo umefika 1,750,000 na hujanunua godoro wala sufuria. Ukishahamia, gawa kodi kwa miezi na uitenge kila mwezi kama vile unailipa. Wasiofanya hivyo wanajiona matajiri miezi mitano, wa sita wanaanza kunikopa.

Sasa maonyo. Usimlipe dalali kodi. Kodi anapewa mwenye nyumba, mkononi au kwenye akaunti yake, na mkataba unasainiwa mbele ya shahidi. Halafu uliza nyumba ni ya nani hasa. Nyumba nyingi za mjini ni za urithi, na ndugu mmoja anaweza kukupangisha wenzake hawana habari. Wakija wao, wewe ndiye unayetolewa, na pesa zako zimeshaliwa. Baadhi ya nyumba za Mji Mkongwe ni za wakfu, yaani zimetolewa kwa ajili ya dini au hisani, na hizo zinasimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nenda kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo (shehia), kabla hujatoa hata shilingi. Sheha anazijua nyumba na wenyewe, na ukihamia ni lazima akujue. Ukisikia "sheha wa nini, tumalizane sisi wenyewe", aga uondoke.

Nenda uangalie chumba mara mbili, asubuhi na jioni, na ufungue bomba mwenyewe. Kuna mitaa maji ya ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, hayaji kila siku. Uliza kama kuna tangi, lina ujazo gani, na pampu inakula umeme wa nani.

Uliza pia mita. Umeme tunanunua kwa TUKUZA, unalipa kwanza ndipo unatumia. Vyumba vinne vikiwa na mita moja, wewe mwenye taa na simu utamlipia jirani friji na feni za usiku kucha. Kubalianeni mapema kila mtu atoe kiasi gani kulingana na vyombo vyake, na iandikwe.

Hatua ya 4: Gesi. Nunua mtungi wako, usikodi.

Hatua ya 5: Chakula. Mchele, unga, sukari na mafuta nunua ya mwezi mzima, ukipata mwenzako gawaneni polo (gunia) la mchele. Tungule (nyanya), mbatata (viazi), vitunguu na mboga nunua soko la Mwanakwerekwe au Darajani, si duka la mtaa wa watalii. Usijaze friji nyama ya mwezi. Umeme wetu unakuja kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, na sisi tuliokuwepo kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tunakumbuka kisiwa kizima kilivyokaa gizani. Waya mpya ulizinduliwa 2013 na hali imekuwa bora, lakini umeme bado unakatika.

Hatua ya 6: Usafiri. Panda daladala. Bodaboda mbili kwa siku, kwa mwezi mzima, ni pesa nyingi kuliko unavyodhani.

Hatua ya 7: Fungu la Ramadhani. Hata kama hufungi, mwezi huu una bei zake. Ndizi, muhogo, majimbi na nazi vinapanda, na mchana mikahawa mingi ya wenyeji imefungwa. Anayetegemea kula nje apange kupika.

Hatua ya 8: Nauli ya dharura. Boti zina nauli ya mkaazi na ya mgeni, na ya mgeni ni kubwa sana. Mpaka upate kibali cha ukaazi, weka pembeni nauli ya mgeni ya kufika Dar es Salaam pamoja na ya kukufikisha kwenu. Pesa hiyo haiguswi.

MASWALI

Kevo wa Kisumu: Sasa jumla ni ngapi kwa mwezi? Nipe figa moja tu.

Jibu: Soma hatua ya 1 na ya 3. Sijui mshahara wako wala chumba chako.

Mpishi Paje: Dada shikamoo. Mwenye nyumba wangu anataka kodi kwa dola, na mimi nalipwa shilingi.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kanuni za 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zinazuia bei za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Mwambie kwa adabu mkataba uandikwe kwa shilingi. Ukikubali dola, kodi yako itapanda kila shilingi ikishuka, na mshahara umesimama pale pale.

Msafiri254: Nimeshatuma kodi ya mwaka kwa dalali, nakuja wiki ijayo. Nyumba nimeiona kwa picha. Iko sawa?

Jibu: Sijui, na wewe hujui. Mpigie leo umwombe jina la mwenye nyumba na la sheha wa shehia hiyo. Akisitasita, dai pesa yako kabla hujapanda boti, na ukifika mtafute sheha kabla hujamtafuta dalali.

Bwana Ukweli: Tuseme kweli, nyinyi Wazanzibari mnatuuzia wageni bei ya juu. Bajeti haitasaidia.

Jibu: Wapo wafanyao hivyo, na sikubaliani nao. Lakini wachuuzi wa Mwanakwerekwe ninaowajua hawana bei mbili. Ukifika unanyoosha kidole na kusema "hii ngapi", bila salamu, utajibiwa kama ulivyouliza. Salimia, uliza fungu, sikia mteja wa mbele yako ametoa ngapi. Mrudie muuzaji yule yule. Wiki ya tatu anakuongezea mwenyewe.

Mwalimu Akinyi: Asante sana kwa somo hili. Mimi nimefika, niko Bububu. Kitu kimoja kinanishangaza: pweza na dagaa bei hubadilika kabisa ndani ya mwezi mmoja. Kuna utaratibu, ama ni bahati tu?

Jibu: Umeuliza jambo zuri, mwalimu. Utaratibu upo, nao ni mwezi wa angani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari inaingia bamvu. Maji yanatoka mbali, miamba inabaki wazi, na kina mama wa Jambiani na Paje wanatembea kwa miguu kutafuta pweza. Siku hizo pweza ni wengi na bei inashuka. Maji mafu, wiki moja baadaye, pweza ni wa kuzamia tu. Dagaa wanakwenda kinyume kidogo: wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo wanataka kiza. Mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti, na dagaa wanaadimika. Ukipata wa kiza, nunua uanike. Juu ya hayo weka upepo. Kusi likivuma kwa nguvu, Juni na Julai, ngalawa ndogo hazitoki na samaki wote wanapanda. Kaskazi bahari inatulia zaidi. Mimi huweka kalenda ya Kiislamu jikoni: tarehe 1 na 15 napika pweza.

Mwalimu Akinyi: Sikujua kabisa! Na kwenye mnada wa samaki mtu wa kawaida ananunua?

Jibu: Ananunua, ila kwa mtungo au kwa samaki mzima. Tafuta wenzako watatu, nendeni Malindi ya hapa mjini Unguja mgawane jodari mmoja. Peke yako utapata hasara, ataharibika.

Mgeni wa Wete: Mimi napelekwa Pemba kwa mradi wa afya. Hesabu ni hizi hizi?

Jibu: Utaratibu wa kodi na sheha ni huo huo. Bei za Wete akuambie mwenyeji wa huko.

Mtu wa Chake: Nipo. Chumba utapata kwa bei nafuu kuliko mjini Unguja, lakini vitu vya dukani vingi vinavuka bahari kutufikia, kwa hiyo sabuni, dawa na vifaa vya umeme ni ghali zaidi na chaguo ni dogo. Njoo na chaja na neti yako ya mbu. Msimu wa karafuu ukikaribia, wahi chumba, maana wachumaji wanaingia na vyumba vinakamatwa. Na weka nauli ya boti ya kwenda Unguja kwenye bajeti ya kila mwezi, huenda mambo ya kibali yakakupeleka huko.

Mgeni wa Wete: Nashukuru. Boti inatoka Wete yenyewe?

Mtu wa Chake: Hesabu bandari ya Mkoani, kusini mwa Pemba, na nauli ya gari mpaka huko ongeza.