Jina la mpenzi wako kwa mtindo wa kanga, Valentine hii, kwa kutumia GIMP

Kila ikikaribia tarehe 14 Februari watu wanatumiana zile picha za majina, waridi huku, dubu kule, vimetameta kila kona mpaka jina lenyewe hulioni. Mi nakushauri uchukue muundo wa kanga, maana kanga ina pindo (ukingo wake), ina mji (sehemu ya katikati), na yale maandishi yake yanaitwa jina kabisa, sasa templeti unatafuta ya nini?

Programu ya kuhariri picha ni GIMP, ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux. Na kwenye Google Fonts shusha fonti ya Great Vibes, bure pia.

Anza na kopa dogo. Bonyeza Ctrl+N, weka pikseli 100 kwa 100, chukua ndoo ya rangi (Shift+B) mwaga nyekundu #B00020, halafu bonyeza T, pesti alama hii ♥ rangi nyeupe saizi 80 hivi, ishike kwa M uivute mpaka ikae katikati. Sasa Ctrl+Shift+C. Hapo umekopi leya zote (yaani tabaka za picha) kwa pamoja, na GIMP inaiweka hiyo kopi ya kwanza kabisa kwenye orodha ya patani zake (michoro ya kujirudia), hii watu wengi hawaijui wanakaa kupesti kopa moja moja hadi usiku wa manane.

Fungua picha nyingine ya 1500 kwa 1100, vipimo vinavyokaribiana na kanga ya kweli ambayo ni kama sentimita 150 kwa 110. Ndoo ile ile, kwenye machaguo yake toa rangi weka patani, chagua ile ya kwanza, klik mara moja. Yanajaa makopa 15 kwa upana na 11 kwenda chini na hakuna hata moja lililokatika, kwa sababu vipimo vyote vinagawanyika kwa 100. Ukibadilisha saizi kumbuka hilo.

Mji sasa. Leya mpya kwa Shift+Ctrl+N, iwe haina rangi, bonyeza R uchore mstatili, andika namba zenyewe usikadirie kwa jicho: uanzie 100 na 100, ukubwa 1300 kwa 900. Rudisha ndoo kwenye rangi, mwaga nyeusi. Kisha mstatili wa pili uanzie 110 na 110, ukubwa 1280 kwa 880, mwaga nyeupe, unabaki na mstari mweusi mwembamba umezunguka. Ukimaliza Shift+Ctrl+A kuondoa uteuzi. Nyekundu, nyeusi na nyeupe ndo rangi za kisutu, kanga ya bibi harusi, kwa hiyo anayejua kanga akiiona tu ameshakuelewa unamaanisha nini.

Katikati weka kopa moja kubwa jekundu, juu yake herufi ya kwanza ya jina kwa Great Vibes nyeupe. Hiyo fonti iishie hapo hapo tafadhali, usiandike nayo jina zima kwa herufi kubwa, halisomeki. Jina lenyewe likae ndani ya mji, kwa chini, kama kanga inavyotaka, herufi kubwa zote, fonti nene iliyonyooka, nyeusi, saizi 80, mfano REHEMA TULIZO LA MOYO. Tulia na haya maneno kuliko kitu kingine chochote, mtu anayependa kanga anasoma jina kwanza ndo anaangalia maua. Kivuli na mng'ao achana navyo.

Sevu kwa Ctrl+S ili leya zibaki, halafu Shift+Ctrl+E utoe picha ya PNG. WhatsApp itume kama dokumenti, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na makopa yanafifia.

Na kanga huja doti, vipande viwili, kwa hiyo usifunge faili bado. Badilisha herufi ya katikati iwe ya jina lako, maneno ya chini yaache vile vile, toa PNG ya pili, moja anakaa nayo yeye moja unakaa nayo wewe.