Kufunga chuma cha kujivuta kwenye ukuta wa matofali ya saruji

Chuma changu cha kwanza cha kujivuta, yaani bomba la mlalo la kuning'inia na kujiinua kwa mikono kama mazoezi, kilidumu wiki tatu. Fundi aliyekifunga alitoboa ukuta wa sebule, akapigilia kabari za mbao katika matundu, kisha akakaza skrubu ndani ya kabari hizo. Siku kilipong'oka nilianguka chali nacho kikiwa kifuani, hakijapinda hata kidogo, na skrubu zote nane bado zimeng'ang'ania kabari zake. Tangu hapo kazi hii naianzia ukutani.

Nyumba nyingi za mijini kwetu hujengwa kwa matofali ya saruji na kupigwa lipu, na juu ya milango na madirisha, kwa kawaida mita 2.1 hivi kutoka sakafuni, hupita lenta, yaani mkanda wa zege lenye nondo wenye kimo cha sentimita 15 hadi 20. Katika nyumba iliyojengwa vizuri lenta huzunguka kuta zote. Katika nyingine fundi ameimwaga juu ya mlango na dirisha tu. Hakikisha kwa kutoboa tundu dogo la majaribio kwa biti ya milimita 6, ukiangalia vumbi linalotoka. Vumbi la kijivu linalotoka polepole, huku drili ikigongagonga kokoto, ni la zege. Mchanga unaomwagika wakati biti inazama bila kazi umetoka kwenye tofali lenye saruji haba, na unga mwekundu ni wa tofali la kuchoma. Usitoboe mahali palipo wima na swichi au soketi, kwa kuwa mara nyingi mabomba ya nyaya hupita humo, na ukuta wa bafuni uuache kabisa. Mwenye drili ya betri azime swichi kuu kwanza.

Lenta inatafutwa kwa sababu ya namna uzito unavyofanya kazi. Chuma kinachotoka ukutani sentimita 60, umbali unaotosha magoti yasigonge ukuta, hufanya kazi kama mtaimbo: mtu anaponing'inia mbele, sehemu ya juu ya bamba la ukutani, lile linalofungwa ukutani kwa boliti, huvutwa itoke na sehemu ya chini hukandamizwa. Chukua mtu wa kilo 80. Ikiwa boliti za juu na za chini zimeachana sentimita 30, zile za juu kwa pamoja huvutwa kwa nguvu ya kilo 160 akiwa ametulia tu. Zikiachana sentimita 15, nguvu hiyo hufika kilo 320, na akijirusharusha inaweza kuongezeka maradufu. Kwa hiyo agiza mabamba marefu, yenye boliti zilizoachana sentimita 40, ambayo hushusha mvuto huo hadi kilo 120. Boliti za juu ziingie katikati ya kimo cha lenta. Za chini zinaweza kukaa kwenye tofali kwa plagi (ala ya plastiki inayoingia tunduni kushika skrubu) na skrubu nene, mradi nyuma yake pana ukuta, si uwazi wa dirisha.

Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kifaa chote kwa siku moja. Bomba la maji la inchi moja, ambalo kwa nje lina unene wa milimita 33 na ushee, linajaa mkononi vizuri, na urefu wa mita 1.1 unatosha mabega mapana. Mwambie akwangue kwa grenda madini ya zinki yaliyopakwa juu ya bomba pale atakapochomelea, na kazi ifanyike mahali penye upepo, kwani moshi wa zinki humletea mtu homa na baridi jioni yake. Kila bamba liwe na matundu mawili matatu ya ziada. Sababu yake utaiona punde.

Biti ya drili ikigota ghafla na kutoa chembe zinazong'aa, umekuta nondo. Usiikate. Hamia tundu jingine la bamba, na lile la kwanza uzibe kwa saruji. Boliti zinazotanuka (zile ambazo ala yake hupanuka na kung'ang'ania tundu nati inapokazwa) za milimita 12 zinahitaji kuingia sentimita 8 hivi ndani ya zege lenyewe, na lipu, ambayo kwa kawaida ni sentimita 1.5 hadi 2, haihesabiwi kwa kuwa haishiki chochote. Puliza vumbi lote kutoka ndani ya tundu kabla ya kuingiza boliti, maana vumbi hulainisha pale panapotakiwa kuuma. Kazi hii ya dakika moja ndiyo mafundi wenye haraka huiruka. Kaza nati kwa spana, ukianza na za juu, huku pimamaji likiwa juu ya bomba.

Pasipo na lenta, boliti ya kutanuka hupasua tofali. Hapo toboa ukuta mpaka upande wa pili, upitishe boliti ndefu na kuifungia bamba jingine la chuma nyuma. Usifunge kwenye mbao za kenchi, ambazo zimepangwa kubeba paa na dari. Vile vyuma vinavyotanuliwa kati ya miimo ya mlango hutegemea msuguano tu, na mimi nisingening'inia kwenye fremu ya bati jembamba inayobonyea kwa kidole.

Kabla ya kupanda, chora mstari wa penseli kuzunguka kila bamba, kisha tundika mifuko miwili ya mchanga ya kilo 50 kila mmoja na uiache usiku kucha. Asubuhi ingiza karatasi nyuma ya ukingo wa juu wa bamba. Ikipenya mahali ambapo jana haikupenya, au mstari ukiwa umejitenga na chuma, fungua uanze upya. Rudia ukaguzi huo wa karatasi kila mwezi, na kwa wanaoishi karibu na bahari, Tanga au Mombasa, uambatane na kukagua kutu shingoni mwa boliti, kwa sababu hewa ya chumvi huila boliti isiyopakwa zinki kabla rangi ya bomba haijachakaa.